Anayerudi Bila Afisa: Kazi ya Probesheni na Parole katika Mji wa Mpakani

Mhadhara uliotolewa Chapwa, Tunduma, mkoani Songwe



Nawashukuru walionialika, na nawashukuru zaidi ninyi mliopenya foleni ya malori mkafika kwa wakati. Wapo ambao bado wamekwama barabarani. Wakiingia tuwapishe viti, lakini hatutaanza upya.

Nimekuja kuzungumza juu ya watu wanaorudi uraiani kutoka gerezani, na juu ya watumishi wa umma ambao kazi yao ni kuwashika mkono: afisa probesheni na afisa parole. Nina hoja tano. Zote zinaelekea mahali pamoja, nami napataja mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae. Utaratibu wetu umempa afisa yule mtu ambaye mahakama au bodi ya parole imeshamwamini. Yule ambaye hakuaminiwa tumemwacha arudi peke yake. Naona tumeupanga kinyume, na gharama yake inalipwa mitaani kama huku Chapwa.

Kabla ya hoja, maelezo mafupi. Wengi wetu tunawachanganya maafisa hawa wawili. Afisa probesheni yuko Idara ya Huduma za Uangalizi, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na kazi zake nyingi zinatoka mahakamani. Anatumia Sheria ya Probesheni, Sura ya 247, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1947 wakati wa ukoloni, pamoja na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Huyu ndiye anayemsimamia mtu aliyepewa adhabu ya kufagia zahanati au kulima bustani ya shule badala ya kwenda gerezani. Afisa parole ni mtu wa Jeshi la Magereza, na anafanya kazi chini ya Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994. Huyu anamsimamia mfungwa aliyetolewa kabla ya muda wake kwisha, kwa masharti.

Kazi yenyewe ya probesheni haikubuniwa na serikali. Mwaka 1841, mjini Boston, Marekani, fundi viatu mmoja aitwaye John Augustus alikuwa mahakamani pale alipoletwa mlevi mmoja kuhukumiwa. Akaomba amdhamini, akamchukua, na baada ya majuma machache akamrudisha mbele ya hakimu akiwa mtu mwingine. Hadi anafariki mwaka 1859 alikuwa amewadhamini watu karibu 2,000. Hakuwa na cheo wala sare. Alichokuwa nacho ni kumfahamu mtu, kumtafutia kazi, na kurudi mahakamani kusema ukweli juu yake. Sheria zilizokuja baadaye, Uingereza mwaka 1907 na kisha katika makoloni yake, zilichukua kazi ya fundi viatu huyo zikaipa ofisi.

HOJA YA KWANZA: Milango ya kutokea ni mingi, afisa yuko kwenye mmoja tu

Tuhesabu njia ambazo mtu aliyefungwa anatoka gerezani.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida, ni kumaliza kifungo. Kwa utaratibu wa Sheria ya Magereza, mfungwa mwenye mwenendo mzuri hupunguziwa theluthi moja ya muda wake. Aliyehukumiwa miaka 6 anatoka baada ya miaka 4.

Njia ya pili ni msamaha wa Rais chini ya ibara ya 45 ya Katiba. Mnakumbuka tarehe 9 Desemba 2019, siku ya Uhuru, sherehe zilipofanyika Mwanza na Rais Magufuli akatangaza msamaha kwa wafungwa 5,533 kwa mpigo. Lilikuwa jambo la huruma na la kupunguza msongamano. Lakini tujiulize sisi wa mitaani: kati ya watu hao 5,533, ni wangapi walioondoka gerezani wakiwa na jina la afisa wa kumwendea kule wanakokwenda?

Njia ya tatu ni parole. Mfungwa wa miaka minne au zaidi, akishatumikia theluthi moja na mwenendo wake ukiwa mzuri, jina lake linaweza kupelekwa Bodi ya Parole ya Mkoa, likapanda Bodi ya Taifa, na hatimaye kwa Waziri. Sheria imewaweka kando baadhi, kama wa kifungo cha maisha na wa unyang'anyi wa kutumia silaha. Wengi mliijua Bodi ya Taifa kwa sababu ya mwenyekiti wake kuanzia mwaka 2016, hayati Augustine Mrema, ambaye miaka ya nyuma alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Anayetoka kwa njia hii ana afisa, ana masharti, ana siku ya kuripoti.

Sasa turudi kwa mtu wetu wa miaka 6. Kama ni mtulivu na bodi ikimkubali, anaweza kutoka baada ya miaka 2, na afisa parole anamfuatilia. Mwenzake wa kosa lilelile, aliyekuwa mkorofi kidogo, au ambaye nyumbani kwao hakuna aliyejitokeza kumpokea, bodi inamkataa. Huyo anatoka baada ya miaka 4 kwa njia ya kawaida. Nani anamfuatilia? Hakuna. Anavuka lango, anapanda basi, anashuka stendi ya Tunduma. Bodi iliona ni mapema mno kumwachia, na siku anapoachiwa hakuna hata mtu mmoja mwenye wajibu wa kujua analala wapi.

Namwona mzee wangu pale anatikisa kichwa. Naam, mzee, sheria imetimizwa na deni limelipwa, huwezi kumfunga mtu mara ya pili kwa uangalizi. Nakubali. Ndiyo maana sisemi awekewe masharti. Nasema apewe mtu wa kumsaidia, akitaka. Wenzetu wa Kenya idara yao inaitwa Probesheni na Huduma za Baada ya Kifungo, na wana hata hosteli za vijana walio chini ya probesheni, kama ile ya Shanzu, Mombasa. Nao wana upungufu wao, lakini huduma ya baada ya kifungo wameipa mahali pa kukaa.

HOJA YA PILI: Kazi ya kupokea huanza kabla ya lango kufunguliwa

Mwezi Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kuwatunza wafungwa zinazoitwa Kanuni za Mandela. Kanuni ya 107 inataka maisha ya mfungwa baada ya kutoka yaanze kufikiriwa tangu mwanzo wa kifungo chake. Kanuni hiyo si ya ukarimu tu, ni ya akili. Mwezi wa mwisho ni kuchelewa.

Niwaonyeshe kazi hii kwa karibu, maana wengi hamjaiona. Mahakama inapotaka kujua kama mtu anafaa adhabu ya nje, humwagiza afisa aandike taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Afisa anayejua kazi yake haiandikii ofisini. Anakwenda nyumbani. Anamkuta mama anapepeta maharage, anakaa kwenye kigoda, anaanza na habari za mvua. Kisha anauliza: akirudi atalala chumba gani? Chumba hicho kina nani sasa? Kama yumo mdogo wake aliyeoa, basi tayari tatizo la kwanza limeonekana. Anatoka hapo anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Halafu anakwenda kule ambako watu hawapendi kwenda, kwa mlalamikaji, aliyeibiwa au aliyepigwa. Anamuuliza: huyu akirudi, wewe utakuwa na hali gani? Anasikiliza mpaka mwisho, hata kama ni matusi.

Taarifa ya namna hiyo, ya kurasa mbili tatu, ina thamani kubwa kuliko mahubiri ya miezi sita ndani ya gereza. Lakini leo tunaiandika zaidi kwa ajili ya hakimu anayetafuta adhabu. Naomba iandikwe pia kwa ajili ya kila mfungwa anayekaribia kutoka, awe anatoka Gereza la Mbozi hapo jirani au Ruanda kule Mbeya. Aliyefungwa mwaka 2019 si ajabu akakuta kiwanja cha baba kimeuzwa, mke kaolewa, mtoto kaanza shule kwa jina la babu. Habari hizo zimfikie akiwa bado ndani, kutoka kinywani mwa mtu aliyezoea kuzisema, asije akazipokea usiku mlangoni akiwa na hasira na njaa.

Hayo yanawahusu watoto zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani, na wale wanaohitaji kutengwa kwa muda hupelekwa Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya. Mtoto wa Chapwa akirudi kutoka Irambo, darasa lake limeshapanda, na walimu wanamwangalia kwa pembeni. Afisa ustawi wa jamii asipofika shuleni kabla yake, mtoto huyo atashinda stendi.

HOJA YA TATU: Anachokosa kwanza ni karatasi, mawaidha yapo mengi

Kanuni ya 108 ya Mandela inataja mambo ya kawaida kabisa: anayetoka awe na vitambulisho, mahali pa kukaa na kazi, nguo zinazofaa hali ya hewa, na uwezo wa kufika anakokwenda. Ukiisoma haraka unaona ni orodha ya safari. Tuone inavyokuwa hapa kwetu.

Nawapa mfano nilioutengeneza kwa kuunganisha habari za watu tofauti, ili asitambulike mtu. Kijana alikuwa mpangaji hapa Tunduma, akafungwa mwaka 2017. Wakati anaingia, laini ya simu ilinunuliwa barabarani kama karanga. Wakati yuko ndani, mwaka 2019, usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Anatoka na suruali aliyokamatwa nayo, fulana, na namba ya simu ya dada yake kichwani, ambayo haipo tena hewani. Anapata kibarua cha kushusha mizigo. Mwenye mzigo anasema atamtumia hela kwenye simu. Hana laini. Kupata laini anahitaji namba ya kitambulisho cha taifa, yaani NIDA. Kupata namba ya NIDA anahitaji barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa anamuuliza: unakaa kwa nani? Hakai kwa mtu. Nyumba aliyokuwa amepanga imeshauzwa.

Basi hela yake inapitia simu ya mwenzake, na mwenzake anakata cha juu. Siku ya tatu anafuatwa na rafiki wa zamani mwenye shughuli ya usiku, asiyeuliza kitambulisho. Ndugu zangu, huyo kijana hakurudia uhalifu kwa sababu moyo wake ni mweusi. Sisi tulimtaka awe na karatasi juu ya karatasi, na rafiki yake hakumtaka hata moja.

Hapa afisa hahitaji fedha nyingi wala semina. Anahitaji kuwa mtu anayetambuliwa na watendaji, mwenye barua inayosema: namfahamu huyu, anakaa mahali fulani, mpeni huduma. Na barua hiyo isitangaze kosa lake. Mtendaji anahitaji kujua mkazi wake ni nani, lakini karani wa dukani hana haja ya kujua alikotoka.

HOJA YA NNE: Mji wa mpakani unataka masharti yenye akili

Tunduma si kama miji mingine. Mpaka unakatiza katikati ya maisha yetu. Nakonde ni upande wa pili wa barabara, shangazi yuko huko, soko liko huko. Oktoba 2019 marais wawili, Magufuli wa kwetu na Edgar Lungu wa Zambia, walizindua kituo cha pamoja cha forodha ili malori yapite haraka. Hata kabla ya kituo hicho, na kabla ya reli ya TAZARA kukamilika miaka ya 1970, watu wa huku walikuwa wanavuka.

Sharti la kawaida la mtu aliye chini ya uangalizi ni kutotoka eneo lake bila ruhusa. Kwa mkulima wa ndani ya Mbozi sharti hilo halimuumizi. Kwa mama wa Tunduma anayenunua vitenge Nakonde asubuhi na kuviuza hapa jioni, sharti hilo linamnyima chakula. Atafanya nini? Atavuka kimya kimya kwa njia za panya, na siku akikamatwa atakuwa na makosa mawili. Tena wa kwanza kumnyonya atakuwa yeyote atakayegundua siri yake.

Na upande wa pili upo. Mpaka huohuo ni kishawishi. Aliyefungwa kwa magendo ya mafuta au sukari akirudi anakuta njia ziko palepale na mabosi wako palepale. Kumwachia avuke ovyo ni kumrudisha alikotoka.

Kwa hiyo afisa wa Tunduma hawezi kuandika masharti kwa kunakili ya Dodoma. Akae na mhusika, amuulize riziki yake inapita wapi, kisha waandike: utapita kwenye kituo rasmi, siku hizi na hizi, mzigo wa aina hii, na utarudi siku hiyohiyo. Sharti la namna hiyo linalindika, kwa sababu maafisa wa uhamiaji na forodha wanaweza kuliona. Nami nasisitiza: sharti asiloweza mtu kulitimiza halimlindi mwananchi. Linamfundisha mhusika kusema uongo kwa afisa wake, na siku afisa akianza kudanganywa, kazi yake imekwisha.

Kuna pia dereva, utingo, na msafiri wa Malawi au Kongo anayekamatwa hapa akiwa safarini. Huyo hana mtaa kwetu. Nalitaja jambo hili kwa kifupi, maana dawa yake iko kwenye makubaliano ya nchi na nchi, nje ya uwezo wa afisa mmoja.

HOJA YA TANO: Afisa hawezi peke yake, na jamii haiwezi bila afisa

Ukiuliza kwa nini afisa hawafikii watu wake, utaambiwa hakuna usafiri, maafisa ni wachache. Ni kweli. Lakini nchi nyingine zimejaribu njia za kuongeza mikono. Japani inatumia raia wa kujitolea, wasiolipwa mshahara, zaidi ya 40,000. Ni wastaafu, viongozi wa dini, wenye maduka. Kila mmoja anapewa mtu mmoja au wawili wa mtaani kwake, anazungumza nao mara kwa mara, na anaandika taarifa kwa afisa wa serikali. Kenya nayo imeiga mpango wa namna hiyo.

Napenda mpango huo, lakini sitawauzia bila kuwaonyesha kovu lake. Mei 2024, katika mji wa Otsu huko Japani, mmoja wa watu hao wa kujitolea aliuawa, na aliyeshtakiwa ni mtu aliyekuwa akimwangalia. Nchi nzima ilishtuka. Somo lake kwetu ni wazi: mwananchi asipewe kazi ya afisa bila afisa nyuma yake. Mikutano ifanyike mahali pa wazi, ofisi ya mtaa au kanisani au msikitini, kuwe na namba ya kupiga, na kuwe na haki ya kukataa.

Hapa najua swali linalowasumbua, na jana mfanyabiashara mmoja aliniuliza waziwazi: kwa nini tumhangaikie mwizi wakati vijana wema hawana kazi? Ni swali la haki, na halijibiwi kwa huruma peke yake. Najibu hivi. Kijana mwema asiye na kazi hajabeba jina baya, na ndugu zake wapo. Yule mwingine atarudi tu, tupende tusipende, maana kifungo chake kina mwisho. Uchaguzi wetu ni kama arudi tukijua alipo, au arudi tusijue. Aliyevunjiwa duka mara ya pili ndiye anayelipa gharama ya kutojua.

Na aliyeumizwa asisahauliwe. Afisa aliyekwenda kwa mlalamikaji kabla ya mhusika kutoka, akamweleza tarehe na masharti, amemwondolea hofu ya kukutana naye sokoni bila taarifa. Wazee wetu wa Kinyamwanga na Kinyiha walijua kuwakalisha wagomvi wakala pamoja. Sisemi turudi kwenye faini za ng'ombe. Nasema mazungumzo hayo yapewe nafasi pale mlalamikaji mwenyewe anapoyataka, na asilazimishwe.

MBELE YETU

Ndugu zangu, mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huohuo alipokea ripoti yake. Mlango wa mazungumzo uko wazi. Kwa hiyo namaliza kwa mambo manne, mawili ya kitaifa na mawili ya hapahapa.

La kwanza, kila mfungwa anayetoka, kwa njia yoyote ile, awe na mpango wa kurudi ulioandikwa mapema, na jina la afisa wa kumwona wilayani kwake. Aliyemaliza kifungo asilazimishwe kumwona. Lakini jina liwepo.

La pili, afisa probesheni na afisa parole wawe na daftari moja kwa wilaya. Haiwezekani watumishi wawili wa wizara moja wapishane kwenye nyumba moja bila kujuana.

La tatu, Halmashauri ya Mji wa Tunduma na watendaji wake wakubali barua ya afisa kama uthibitisho wa makazi kwa anayetafuta NIDA. Na maafisa wetu wa maendeleo ya jamii, wanaposimamia mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, wasimzuie mwanakikundi kwa sababu tu aliwahi kufungwa.

La nne ni lenu, wana Chapwa. Wapatikane watu watano, wa dini zote na wa biashara, wakutane na afisa probesheni wa wilaya, wamuulize: mwezi ujao nani anarudi kwetu, na sisi tuanzie wapi? Mheshimiwa Diwani, nakuomba swali hilo liingie kwenye ajenda ya kikao cha kata kijacho. Mimi niko tayari kuhudhuria.

Sasa nakaribisha maswali, na naomba tuanze na mzee aliyekuwa anatikisa kichwa.